Ardhioevu ni nini hasa? Kisa cha Ihefu, mchele wa Mbeya na mgawo wa umeme

Wadau, kila tarehe 2 Februari tunasikia redioni kwamba leo ni Siku ya Ardhioevu Duniani. Kiongozi anapanda jukwaani, kwaya inaimba, watu wanapewa fulana, halafu basi. Ukimuuliza kijana wa mtaani ardhioevu ni kitu gani atakwambia ni kinamasi, mahali pa mbu na vyura. Hajakosea, ila hajamaliza. Kuna ardhioevu moja hapa Bongo ambayo tuliambiwa ndiyo iliyotuzimia taa nchi nzima, na watu wakahamishwa kwa sababu yake pamoja na ng'ombe wao. Kabla ya kufika huko, tuelewane kwanza kuhusu neno lenyewe.

Oevu maana yake ni iliyolowa. Wengine wanaandika maneno mawili, ardhi oevu, poa tu. Ni sehemu yoyote ambayo maji ndiyo bosi: yanaamua udongo uweje, mimea gani iote na viumbe gani waishi. Mkataba wa kimataifa uliosainiwa tarehe 2 Februari 1971 katika mji wa Ramsar, Iran (ndiyo sababu ya ile tarehe) unaipa maana pana mno. Vinamasi vimo, mabonde ya mito yanayofurika masika vimo, maziwa, chemchemi, mikoko, hata bahari ya pwani mradi maji yakitoka kina kisizidi mita 6. Na si lazima iwe imetengenezwa na Mungu. Majaruba ya mpunga ni ardhioevu. Mashamba ya chumvi ni ardhioevu. Si lazima maji yawepo mwaka mzima pia, na hapa ndipo wengi tunapodanganyika: unaona kiwanja kikavu mwezi wa nane, bei ya kutupa, unanunua, unajenga, mwezi wa nne unalala juu ya meza.

Nchi zaidi ya 170 ziko kwenye mkataba huo. Tanzania iliingia mwaka 2000 na ina maeneo manne yaliyoorodheshwa: Malagarasi-Muyovozi kule magharibi (mwaka 2000), Ziwa Natron (2001), Bonde la Kilombero (2002) na Rufiji-Mafia-Kilwa (2004). Natron ndiko wanakozaliwa sehemu kubwa ya heroe wadogo wa dunia nzima, wale flamingo wa pinki. Lakini maeneo manne ni yale yenye cheti tu. Kwa jumla inakadiriwa karibu asilimia 10 ya nchi yetu ni ardhioevu ya namna moja au nyingine, kwa hiyo uwezekano ni mkubwa kwamba nyumbani kwenu kuna moja, ila mnaiita bondeni.

Sasa inafanya kazi gani? Fikiria godoro la sponji. Ukilimwagia ndoo ya maji halitoi yote kwa mara moja, linayashika, halafu yanachuruzika taratibu. Mvua kubwa ikinyesha milimani, maji yanashuka kwa kasi. Yakifika kwenye bonde pana lenye matete yanatawanyika, yanapunguza kasi, mengine yanazama ardhini, mengine yanaendelea na safari polepole. Watu wa chini wanapata mafuriko madogo zaidi, na wakati mwingine wanapata maji hata mvua ikikata.

Wakazi wa Dar wana mfano mlangoni. Mto Msimbazi unatoka vilima vya Pugu, unapita katikati ya jiji na kuingia baharini pale Daraja la Selander. Bonde lake, Jangwani, Kigogo, Mkwajuni, ndilo lilikuwa sponji la jiji. Tukalijaza nyumba, gereji, taka na vifusi. Desemba 2011 mvua ilishuka, watu zaidi ya 40 wakafa Dar, na serikali ikawapeleka waathirika Mabwepande. Halafu cha ajabu, karakana ya mabasi ya mwendokasi nayo ikajengwa Jangwani hapohapo, na tangu mabasi yaanze mwaka 2016 imefurika mara kadhaa. Jina linasema jangwa, lakini maji hayasomi vibao. Walioshauriwa wahame ni wapangaji wa vyumba vya bondeni. Aliyechora ramani ya karakana ana elimu kuliko wote hao, na hilo ndilo linalonishangaza.

Kazi ya pili ni kusafisha. Kampala, kinamasi cha Nakivubo kiko kati ya jiji na Ziwa Victoria. Miaka mingi maji machafu ya jiji yalipita humo kabla ya kufika ziwani, na kilomita chache tu kutoka hapo, Gaba, ndiko mabomba yanakovuta maji ya kunywa ya jiji hilohilo. Unaweza kuona hatari yake. Mafunjo yalikuwa yanapunguza mwendo wa maji, tope linatua, bakteria kwenye mizizi wanavunjavunja uchafu, na mafunjo yenyewe yananyonya naitrojeni na fosforasi kama mbolea. Mwaka 1999 wachumi walikaa chini wakakadiria kwamba kazi hiyo, kama ingebidi ilipiwe, ni kati ya dola milioni 1 na milioni 1.75 kwa mwaka. Mafunjo hayajawahi kutuma bili. Sehemu kubwa ya kinamasi hicho sasa imelimwa na kujengwa, na kusafisha maji ya Gaba kumekuwa kazi ngumu zaidi.

Mengine nayapitia haraka. Kambale na perege huzaliana kwenye maji matulivu ya mafuriko. Kamba na samaki wengi wa baharini hukua kwenye mizizi ya mikoko, na delta ya Rufiji ndiyo yenye msitu mkubwa wa mikoko kuliko yote ya pwani ya Afrika Mashariki, hekta 53,000 hivi. Kuna mikeka, dawa, matete ya kuezekea. Kuna pia habari ya hali ya hewa: mimea iliyokufa ndani ya maji haiozi vizuri, inajilimbikiza, na kaboni inabaki chini. Mwaka 2017 wanasayansi walichora ramani ya vinamasi vya katikati ya bonde la Kongo na kukadiria kwamba chini yake kuna tani bilioni 30 za kaboni. Vikikaushwa, hiyo inapanda angani.

Haya, twende Ihefu.

Ukitoka Iringa kwenda Mbeya kwa basi, baada ya kupita Makambako, upande wa kulia kuna tambarare kubwa inayopotelea mbali. Hiyo ni Usangu. Mito inashuka kutoka milima ya Uporoto na Kipengere: Mbarali, Kimani, Chimala, Ruaha Mkuu wenyewe, na Ndembera unaokuja kutoka upande wa Mufindi. Yote inakutana kwenye tambarare, na maji yakikusanyika upande wa mashariki yanatengeneza kinamasi cha Ihefu. Kutoka hapo kuna mlango mmoja tu, mahali panapoitwa Ng'iriama, ambapo mwamba umekaa kama kizingiti. Maji yakiwa juu ya kizingiti, Ruaha Mkuu unaendelea kuelekea Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, halafu bwawa la Mtera, halafu Kidatu. Maji yakishuka chini ya kizingiti, mto unakatika. Ni kama beseni: likipungua chini ya mdomo hata uliinamie vipi, hakuna kinachomwagika.

Na mwaka 1993 ulikatika. Ndio mwaka unaotajwa kama mwanzo. Mto ambao wazee waliujua unatiririka mwaka mzima ulikauka mwisho wa kiangazi, na miaka iliyofuata zile wiki chache zikawa miezi. Ndani ya hifadhi viboko walijazana kwenye madimbwi yaliyobaki, samaki wakafa.

Nani kachukua maji? Hapa ndipo siasa ilipoingia. Usangu ina mashamba makubwa ya mpunga yaliyoanzishwa na serikali, Mbarali, Kapunga, kisha Madibira, na kuzunguka hayo kuna wakulima wadogo maelfu kwa maelfu wenye mifereji yao. Mchele wa Mbeya unaoupenda kwa mama ntilie, mwingi unatoka huko. Usangu pia ilikuwa na wafugaji, Wasukuma, Wamaasai, Wabarabaig, ambao walikuja kwa miongo kadhaa kwa sababu kiangazi majani ya Ihefu yalikuwa bado mabichi wakati kwingine ni vumbi.

Machi 2001 Waziri Mkuu Frederick Sumaye alitangaza kwamba serikali inaunga mkono mpango wa kuhakikisha Ruaha Mkuu unatiririka mwaka mzima ifikapo 2010. Kumbuka hiyo 2010. Kabla ya hapo, mwaka 1998, eneo la kinamasi lilikuwa limefanywa pori la akiba. Kisha ukaja mwaka 2006.

Waliokuwepo wanaukumbuka. Mtera ilishuka, mgawo wa umeme ukawa mkali, saluni na kafe za intaneti zikageuka vijiwe vya kusubiri. Ule mgawo ndio ulizaa mkataba wa dharura wa Richmond, na Richmond ndiyo ilimfanya Waziri Mkuu Edward Lowassa ajiuzulu Februari 2008. Katikati ya hasira hizo alipatikana mshitakiwa: ng'ombe wa Ihefu. Mwaka huohuo wa 2006 operesheni ikaanza, wafugaji wakaamriwa waondoke na mifugo yao, wengi wakielekezwa Lindi na pwani. Safari ya mamia ya kilomita, faini, ng'ombe waliokufa njiani, familia zilizotawanyika. Mwaka 2008 Usangu ikaunganishwa na Hifadhi ya Ruaha, ambayo ikawa na kilomita za mraba 20,226, kubwa kuliko hifadhi zote za taifa nchini kwa wakati ule.

Sasa tulia, tupige hesabu. Ng'ombe anakunywa lita 40 kwa siku, tumpe nyingi makusudi. Kwa mwaka ni lita 14,600. Hekta moja ya mpunga wa kumwagilia inataka mita za ujazo 10,000 hivi kwa msimu, mara nyingine zaidi. Hizo ni lita milioni 10. Yaani hekta moja ya mpunga inakunywa sawa na ng'ombe 685 kwa mwaka mzima. Sisemi ng'ombe hawana madhara. Wakiwa wengi wanakanyaga kingo, wanamaliza majani, udongo unabaki uchi. Lakini kukausha mto kwa kunywa? Hapana.

Na mpunga nao si wa kutupiwa lawama zote, maana tatizo kubwa ni lini maji yanachukuliwa. Masika maji yapo ya kutosha wote. Kiangazi mito inakuwa myembamba, na hapo kila lita inahesabika. Zamani mabanio ya wakulima yalikuwa ya miti na matope. Mengine yalivuja, mafuriko yakija yanayabomoa, kwa hiyo mto ulibaki na kitu. Halafu ikaja miradi ya "kuboresha" skimu, yakajengwa mabanio ya zege yenye milango ya chuma. Mazuri kweli. Ila banio la zege linaweza kuchukua mto wote kiangazi, na lilifanya hivyo. Maji yanazungushwa kwenye mifereji miezi ambayo hakuna mpunga shambani, kwa ajili ya kunywa, kufyatua tofali, vitalu vya mapema, na mengi yanaishia kuwa mvuke juani.

Tena kuna jambo ambalo lilisemwa kidogo sana mwaka 2006. Mtera haijazwi na maji ya kiangazi. Inajazwa na mafuriko ya masika, na haimtegemei Ruaha Mkuu peke yake. Ruaha Mdogo na Kisigo nayo inaingia humo. Kile kijito kilichokuwa kinatoka Ihefu mwezi wa kumi kilikuwa uhai kwa viboko na kwa vijiji vya chini, lakini kwa bwawa la ukubwa ule kilikuwa kidogo. Watafiti waliopekua rekodi za Mtera na Kidatu kuhusu migawo ya miaka ya 1990 walikuta kwamba namna mabwawa yalivyoendeshwa, maji yalivyoachiwa mapema mno, ilikuwa na mchango wake. Ukiongeza ukame wa 2005 na nchi iliyotegemea maji kwa sehemu kubwa ya umeme wake, picha inakuwa tofauti na ile ya Msukuma mmoja na fimbo yake. Kwa maoni yangu ng'ombe walichaguliwa kwa sababu ndio waliokuwa rahisi kuswagwa. Huwezi kuswaga bwawa.

Mwaka 2010 ulifika, mto ukakauka tena kiangazi. Ng'ombe walikuwa wameshaondolewa miaka mitatu.

Na hapo kisa hakikuisha. Mipaka ya hifadhi iliyopanuliwa ilimeza vijiji na mashamba ya Mbarali, na ubishi ukaendelea kwa miaka. Mwaka 2023 serikali ilitoa tangazo jipya la mpaka: baadhi ya ardhi ikarudi kwa wananchi, lakini vijiji vitano vikabaki ndani na kutakiwa kuhama. Kulikuwa na mradi wa utalii wa kusini, REGROW, wa dola milioni 150 za Benki ya Dunia, ambao Ruaha ilikuwa mmoja wa walengwa. Malalamiko ya wananchi kuhusu kuhamishwa na ukatili yaliifikia Benki. Aprili 2024 ikasitisha malipo, na Novemba 2024 mradi ukafutwa kabisa.

Kwa wanaolima bondeni kuna sheria ya kujua. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa, bwawa au bahari. Ndiyo ile "mita sitini" inayoimbwa kwenye mikutano ya kijiji. Nia ni nzuri. Lakini mwambie mtu wa Njombe au Iringa mwenye vinyungu, vile vibustani vya bondeni ambavyo ndivyo vinavyompa mahindi mabichi na maharage mwezi ambao mlimani hakuna kitu, kwamba aache. Atakuuliza atakula nini, na kiwanda kule mtoni mbona kipo. Kinyungu kidogo kinachopumzishwa na mfereji unaokausha bonde zima si kitu kimoja, na sheria ya futikamba haioni tofauti hiyo.

Kuna na kisa cha upande wa pili, ambapo umeme ndio uliikausha ardhioevu. Kihansi, milima ya Udzungwa. Maporomoko yalikuwa yanarusha manyunyu usiku na mchana, na manyunyu hayo yakatengeneza kipande cha ardhioevu cha kama hekta mbili tu. Mwaka 1996 akagunduliwa humo chura mdogo wa njano ambaye haishi mahali pengine popote duniani, tena hatagi, anazaa. Mtambo wa Kihansi wa megawati 180 ulipoanza kazi kuelekea mwaka 2000, maji mengi yakapitishwa kwenye bomba na manyunyu yakakoma. Vyura karibu 500 walipelekwa Marekani kwenye bustani za wanyama, yakafungwa mabomba ya kunyunyizia yaliyoiga maporomoko, na bado mwaka 2009 chura huyo alitangazwa kwamba ametoweka porini. Watu walicheka sana, eti vyura wana pasipoti. Mwaka 2010 waliletwa Dar es Salaam, na 2012 wakaanza kurudishwa bondeni kwao. Kihansi unaingia Kilombero, na nimeutaja makusudi.

Maana sasa karata zote ziko Kilombero. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina mashine tisa, jumla megawati 2,115. Ya kwanza iliwashwa Februari 2024, na mwaka 2025 zote tisa zikawa tayari. Taa yako ikiwaka usiku huu, kuna uwezekano mkubwa maji ya Rufiji yamehusika. Yanatoka wapi? Ruaha Mkuu, pamoja na kelele zake zote, unachangia kama asilimia 15 tu ya maji ya Rufiji. Luwegu asilimia 18 hivi. Kilombero, zaidi ya asilimia 60.

Bonde la Kilombero ni mojawapo ya yale manne ya Ramsar, karibu kilomita za mraba 8,000. Zamani ilikadiriwa robo tatu ya swala sheshe wote waliobaki duniani waliishi humo; wamepungua vibaya. Kuna miwa, kuna mpunga, kuna misitiki ya kupandwa, na kila mwaka jembe linasogea katikati. Baadhi ya wafugaji walioondolewa Usangu waliishia huko, na mwaka 2012 wakaondolewa tena. Vijito vinavyoshuka kutoka Udzungwa na Mahenge vinawekewa mabanio, ya zege, yenye milango ya chuma.